Chatu wa maonyesho amenenepa, bosi anataka ale kila Jumamosi

Mlezi_Uyole:
Habari zenu wakuu. Naomba msaada kwa mwenye uzoefu na chatu wa kifalme, wale wafupi wa Afrika Magharibi wanaojikunja mpira wakiogopa. Sizungumzii chatu wetu wa porini.

Nalea wanyama kwenye bustani ndogo ya maonyesho huku Uyole, Mbeya, na vibali vyote vipo. Kazi nimeipokea kwa mtu aliyehamia Dodoma. Kati ya niliokabidhiwa yupo chatu jike, mtu mzima, urefu kama mita moja na robo. Nimempima kwa mizani ya jikoni niliyonunua Mwanjelwa, yeye ndani ya ndoo yenye mfuniko, kisha nikatoa uzito wa ndoo. Gramu 2,900.

Utaratibu nilioukuta ni panya mweupe mkubwa, gramu 300 hivi, kila Jumamosi mchana. Siku hiyo watoto wanajaa na wazazi wanalipia kuona nyoka akila. Bosi anasema kama anakimbilia panya basi ana njaa, na nyoka aliyenona ndiye mwenye afya. Mimi nikimtazama roho inaniuma. Akijikunja, ubavu unapiga makunyanzi. Ngozi nyeupe inaonekana katikati ya magamba hata siku ambayo tumbo ni tupu. Mgongoni pana mfereji, mahali ambapo ningetegemea kuona uti. Wenzangu wa zamani hapa wanasema alikuwa akipanda tawi la mpera lililomo bandani, siku hizi analala chini tu.

Je, huyu ni mnene kweli au majike ndivyo walivyo? Kama ni mnene, nimpunguze vipi nisimuumize? Na baridi ya Juni ndiyo hiyo inaingia.

Kijana_wa_Mafinga:
Dada usijisumbue. Nyoka anakaa miezi bila kula. Mkatie chakula mpaka Desemba, atapungua mwenyewe.

Mzee_Gangilonga:
Kamwene binti yangu. Nimelea nyoka maisha yangu yote ya kazi, sasa nimepumzika hapa Iringa, na swali lako nimelisoma mara mbili kwa sababu umetazama vizuri.

Huyo ni mnene, tena sana. Jike mzima wa aina hiyo mara nyingi huwa kati ya gramu 1,500 na 2,500. Wapo wanaofika 3,000 wakiwa sawa kabisa, ila hao ni warefu kuliko wako. Ndiyo maana namba peke yake haitoshi, uutazame mwili. Chatu mwenye afya ana umbo la pembetatu yenye kona butu: tumbo bapa, ubavu unapanda, juu unakutana na uti ambao kidole kinauhisi bila kuutafuta. Aliyekonda, uti unasimama wima na ubavu umebonyea. Mnene anakuwa mviringo kama bomba la maji, mafuta yamepanda pande zote mbili mpaka uti umebaki bondeni. Mfereji wako ndio huo. Mtazame na karibu na tundu la haja. Kwa mnene, mwili unabaki umevimba mpaka pale, halafu mkia unachomoka mwembamba ghafla.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba nyoka hahifadhi mafuta chini ya ngozi kwa wingi kama sisi. Anayapanga ndani ya tumbo, vipande virefu vilivyolala pembeni mwa utumbo. Kwa hiyo makunyanzi yakishaonekana nje, ndani kumekwisha kujaa. Mapafu yanabanwa, ini linaanza kubeba mafuta lisiyoyaweza, na nyoka halii wala halalamiki. Anakula vilevile. Nimewahi kuona nyoka aliyekula vizuri wiki hii akafa wiki inayofuata, alipopasuliwa ini lilikuwa na rangi ya siagi.

Na hiyo hoja ya bosi wako kwamba anakimbilia panya kwa hiyo ana njaa, mweleze taratibu kwamba huyu ni mwindaji wa kuvizia. Kwao, kuanzia Senegali mpaka kaskazini mwa Uganda, anakaa kwenye shimo la panya au kichuguu akingoja, na hajui mlo wa pili utapita lini. Mwili wake umeumbwa usikatae kinachopita mbele. Kwa chatu wa Burma watafiti wameona hata moyo wenyewe unakua baada ya mlo mkubwa, kisha unarudi ulivyokuwa chakula kikiisha kusagwa. Utumbo hivyohivyo. Wanyama wa namna hii wanahitaji kipindi cha kupumzika. Ukimpa kila Jumamosi, hicho kipindi hakipo.

Kijana wa Mafinga, nakuheshimu, lakini ushauri huo usiufuate binti. Chatu mwenye afya anaweza kugoma kula miezi kadhaa na asidhurike. Aliyenenepa ni habari nyingine: ukimkatia ghafla, mafuta yanamiminika kwa wingi kwenye ini ambalo tayari limelemewa. Punguza polepole. Gramu 300 kwa nyoka wa gramu 2,900 ni zaidi ya asilimia kumi ya uzito wake, kila wiki. Hicho ni kipimo cha mtoto anayekua. Mtu mzima anatosheka na asilimia tano au chini yake, yaani huyo wako gramu 120 mpaka 145. Anza kwa kumpa kila baada ya wiki mbili, kisha tatu, kisha nne. Huku kwetu simbilisi wapo kila nyumba, na mtoto wa simbilisi wa siku chache hufika gramu 100 hivi, anafaa kabisa. Simbilisi mkubwa usimpe kamwe. Mnyama awe amekwisha kuuawa, kwa sababu panya hai anang'ata, na nyoka mzito hajitetei vizuri.

Atachukua mwaka au zaidi kupungua. Ukiona ameshuka haraka, hapo ndipo pa kuogopa. Mpime mara moja kwa mwezi, akiwa amekwisha kupata haja, na uandike.

Kuhusu baridi, hili ndilo nililotaka hasa kulifikia. Mbeya ipo zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na usiku wa Juni na Julai mnatetemeka. Huyo nyoka anahitaji upande mmoja wa banda uwe nyuzi 31 mpaka 33 na upande wa pili 25 mpaka 27, usiku na mchana. Bila joto hasagi. Umeme ukikatika akiwa na panya tumboni, panya anaoza humo ndani na nyoka anatapika, na kutapika kunamchosha vibaya sana. Kwa hiyo kama joto huna uhakika nalo wiki hiyo, usilishe. Akitapika, mwache wiki mbili ndipo ujaribu tena, kitu kidogo. Nunua vipimajoto viwili, kila upande kimoja. Chupa za maji ya moto zilizofungwa kwenye taulo zimeniokoa usiku mwingi wa giza.

Na lile tawi, literemshe karibu na chini ili alifikie. Hamisha maficho yake upande huu na huu atembee. Nyoka hawa wanapanda kuliko watu wanavyodhani, hasa madume, ambao porini wanakula ndege wengi.

Daktari_wa_Mifugo_Tukuyu:
Naongeza dogo tu. Kabla ya kuanza, mtafute daktari ampapase tumbo. Jike anaweza kubeba viini vya mayai hata asipokutana na dume, na tumbo likivimba ukadhani ni mafuta. Tofauti ni kwamba mafuta yanatandaa mwili mzima, ila mayai yapo nusu ya nyuma na vidole vinayahisi yamepangana. Uvimbe wa upande mmoja tu ni jambo jingine kabisa, huo usisubiri. Kama huku kwetu hakuna aliyezoea reptilia, piga picha na video, uzitume kwa walimu wa tiba ya mifugo pale SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro.

Mlezi_Uyole:
Shikamoo mzee, na asante sana daktari. Nimemgusa leo mkiani, uvimbe upo kama mlivyosema, pande zote mbili, na tumbo lote ni lilelile kuanzia shingoni. Daktari wa wilaya amekubali kuja.

Joto nimepima: upande wa moto ulikuwa nyuzi 28 tu asubuhi. Nimeziba nyufa za banda kwa sponji na nimeomba taa ya pili.

Shida inabaki bosi. Anasema Jumamosi bila kulisha hakuna mapato, na bila mapato hakuna hata hiyo taa.

Mzee_Gangilonga:
Marahaba binti yangu. Nyuzi 28 hazitoshi, vizuri umeziba.

Usiende kwa bosi na neno "hapana". Nenda na kitu cha kuonyesha. Watoto wanapenda mizani. Mpime mbele yao Jumamosi ya kwanza ya mwezi, waache wabashiri gramu kabla hujasoma, na ubao wa uzito uning'inie pale wauone ukishuka mwezi hadi mwezi. Jumamosi nyingine waonyeshe gamba alilojivua wapitishe mikononi, au mwache apande tawi mbele yao. Ile Jumamosi moja ya kula itangaze wiki mbili kabla, mtajaza watu kuliko sasa.

Mwambie na hili. Mwaka 2020, bustani ya wanyama ya Saint Louis huko Marekani ilikuwa na chatu jike wa aina hiihii aliyetaga mayai saba akiwa na umri wa zaidi ya miaka sitini. Waliishi naye tangu 1961. Bosi wako apige hesabu ya mapato ya nyoka wa namna hiyo, halafu apige ya nyoka anayekufa kwa ini.

Mlezi_Uyole:
Hiyo ya ubao nimempelekea mchana huu. Amekubali kwa miezi mitatu ya majaribio, kulisha mara moja kwa mwezi. Lakini mzee uliniambia nianze na wiki mbili. Si nitakuwa nimeruka?

Mzee_Gangilonga:
Utakuwa umeruka, ndiyo. Lile la mbele ya watu liwe moja kwa mwezi kama mlivyokubaliana. Katikati ya mwezi mpe jioni, bustani ikiwa imefungwa, mtoto wa simbilisi mmoja wa gramu 100. Fanya hivyo miezi miwili ya kwanza, kisha sogeza. Ubao wa uzito uandike wewe mwenyewe, usimwachie mtu, na nitumie namba ya Julai.