Tumehama FoxPro, fakture zilizofutwa zimefufuka. Nani atawajibu wateja?

Wandugu, nimevumilia wiki tatu. Leo naandika, na hasira bado iko kooni.

Kuna depo moja ya simenti, mabati na misumari kule Kenya (mtaa wetu wa Kenya hapa Lubumbashi, ninyi wa Nairobi tulieni). Programu ya fakture (ankara za mauzo) na stoku ya depo hiyo niliiandika mimi mwaka 2005 kwa Visual FoxPro 9, chombo cha Microsoft cha kutengenezea programu za data, ikiwa bado inanukia upya. Haikuwa na sura. Skrini yake ya bluu ilichekwa na kila kijana aliyeingia kununua nusu kilo ya misumari. Lakini jioni hesabu ilikuwa inakutana na pesa iliyo kwenye droo, na hilo ndilo patroni, mwenye depo, alilonilipia.

Kabla hamjaniita mzee wa zamani: mimi mwenyewe ndiye niliyemwambia patroni tuhame. Microsoft walisema tangu 2007 kwamba toleo la 10 halipo, na Januari 2015 wakafunga mlango kabisa. Faili moja ya DBF, ambamo FoxPro inaweka data, haivuki GB 2. Halafu umeme ukikatika katikati ya mauzo faharasa zinavurugika, na anayeamshwa alfajiri kwenda kupiga REINDEX, amri ya kuzijenga upya, ni nani? Mimi, kwa pikipiki ya pesa yangu. Kwa hiyo Python, lugha ya programu mpya, sina ugomvi nayo, na PostgreSQL, ghala lake la data, naitumia nyumbani kwangu. Msinirukie.

Kazi ya kuhama patroni hakunipa mimi, aliwapa vijana wa kampuni fulani. Sawa, riziki haigombaniwi. Niliwakabidhi kila kitu, data na faili zote za PRG (maandishi ya programu yenyewe), nikawaambia njooni tukae siku mbili niwaeleze mambo ya humu ndani. Mkubwa wao akanijibu, "Papa, usijisumbue. Hiyo FoxPro hatuna haja ya kuisoma, tunachukua data tu." Siku ile ningemwambia patroni. Nilinyamaza nisionekane mwenye wivu.

Sasa sikilizeni. Wanaoijua DBF wanajua kwamba ukifuta rekodi, haiondoki. Inawekwa alama ya nyota kwenye baiti yake ya kwanza, na ukishaandika SET DELETED ON, programu inajifanya haiioni. Inakaa pale pale mpaka mtu apige PACK, amri ya kuiondoa kabisa. Kwenye jedwali la fakture sikuwahi kupiga PACK, kwa makusudi, kwa sababu patroni alitaka siku yoyote aweze kuchungulia nani alifuta nini. Vijana wamezoa zote, zenye nyota na zisizo na nyota, wakazimwaga ndani ya PostgreSQL. Kila fakture iliyofutwa tangu 2005 imefufuka. Za kukosea, za kuandikwa mara mbili, ya yule bwana aliyeagiza mifuko 400 ya simenti akaghairi kabla lori halijapakiwa. Zote sasa ni madeni.

Na programu mpya inajua kutuma SMS kwa wadaiwa, yenyewe, saa mbili asubuhi. Jumatatu ya kwanza ikatuma. Kabla ya saa nne kaunta ilikuwa imejaa watu walioshika simu kama wanaonyesha kitambulisho. Akaja mama mmoja ambaye mume wake alifariki miaka sita iliyopita, simu ya marehemu amebaki nayo yeye. Anadaiwa mabati ambayo hayakuwahi kutoka depo. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Mnamdai nani?" Mimi nilikuwa pale, wale vijana hawakuwepo. Aliyemwomba samahani ni dada anayepokea pesa, ambaye hajui hata Python ni nini.

Tarehe nazo! FoxPro inakubali tarehe iachwe tupu. Wateja ambao patroni anawaamini hawakuwekewa siku ya mwisho ya kulipa, pakaachwa tupu. Katika kuhamishwa pale patupu pamekuwa 30/12/1899. Mji huu wenyewe umeanzishwa 1910. Tuna wateja waliochelewa kulipa siku elfu 45 na zaidi, na programu inawahesabia bila aibu.

Kiwango cha dola ndicho kilichonitoa machozi. Kila fakture yangu ilibeba kiwango cha siku ile, kwenye safu niliyoiita TX. Jina baya, nakubali. Wao waliona TX hawakuelewa, wakaiacha. Sasa programu inachukua dola za zamani inazidisha kwa kiwango cha leo, na mtu aliyemaliza deni lake kwa franka mwaka 2016 anaonekana amelipa chini ya nusu. TVA (kodi ya ongezeko la thamani) ya 16 kwa mia wanaibandika hata kwenye fakture ya 2009, wakati hapa kwetu imeanza Januari 2012.

Ya panya wa kubofya kila kitu, wakati yule dada alikuwa anamaliza fakture kwa F2 na Enter bila kutazama klaviye, nayaacha. Ya seva iliyo ng'ambo, ambayo mtandao ukilala depo nayo inalala, nayaacha pia.

Nilipowapigia, jibu lao: "Papa, data yenu ilikuwa chafu." Chafu! Miaka yote hiyo hesabu inakutana na droo, halafu chafu. Maana ya ile data ilikuwa ndani ya PRG, mistari elfu kumi na kitu ambayo hamkufungua hata mmoja. Nyota inamaanisha nini, tupu inamaanisha nini, TX ni nini, vyote vimeandikwa mle, na maelezo nimeweka kwa Kifaransa safi.

Jana usiku patroni amenipigia, sauti ya chini: "Papa, ile ya bluu bado unayo?" Ninayo, na CD yake iko kabatini. Tatizo ni mauzo ya wiki tatu yaliyo ndani ya PostgreSQL tu, lazima niyarudishe kwenye DBF, ambako jina la safu halizidi herufi 10, na wale vijana wameandika majina marefu kama treni ya madini. Aliyewahi kurudi nyuma hivyo aniandikie hapa chini alifanyaje. Wa kuja kuniambia nijifunze Rust, lugha nyingine ya programu, apite.