Naomba ushauri: Linux kwenye kompyuta za saiba

Habari zenu ndugu. Nina saiba ndogo hapa Kayole, kompyuta tatu za mezani zenye RAM ya giga 4. Masasisho ya kawaida ya Windows 10 yalipokoma tarehe 14 Oktoba 2025, mashine zangu hazikufaa Windows 11 kwa kuwa hazina TPM 2.0, ile chipu ya usalama ambayo Windows 11 inaidai. Kununua mpya siwezi kwa sasa, kwa hivyo nikaweka Linux Mint, mfumo endeshi wa bure badala ya Windows, toleo lake jepesi la Xfce.

Sijutii. Zinawaka haraka, na kile kirusi cha flashi kinachogeuza faili za wateja kuwa shotikati hakisambai tena kutoka kwangu. Hilo peke yake limenipa usingizi.

Shida ni kazi za Word. Juzi kijana alileta CV ya ukurasa mmoja. Nilipoifungua kwa LibreOffice, programu ya bure ninayotumia badala ya Word, ikawa kurasa mbili, jedwali limeruka upande. Alikuwa anakimbilia mahojiano Industrial Area. Nilimwelekeza duka la jirani, na iliniuma sana. Baadaye nikaweka fonti ya Carlito, ambayo vipimo vyake ni sawa na Calibri, fonti ya Word. Mistari imetulia, majedwali bado.

Printa nayo inachapa vizuri ila haiskani.

Wenye uzoefu, nirudishe Windows 10 kwenye mashine moja ya kuchapa tu, bila intaneti? Au kuna mpangilio wa LibreOffice ambao sijaupata? Na skana mliifanyaje ikakubali? Nitajaribu leo usiku nikishafunga.