Printa ina wino ndani, inakataa kuchapa: nifanyeje?

Mwalimu_Kilombero

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada kwa wanaozijua printa. Nitaeleza kwa kirefu kidogo, maana nikisema tu "printa imegoma" mtaniambia nibadilishe wino, na wino si tatizo.

Nafundisha baiolojia sekondari hapa Ifakara. Dada yangu anaishi Maryland, Marekani, na alipokuja likizo aliniachia printa yake ndogo ya wino, zile za tatu kwa moja: inachapa, inatoa kopi, inaskani. Imenisaidia mno. Mitihani ya majaribio ya kidato cha nne nachapa mwenyewe usiku nyumbani, na mchoro wa moyo unatoka na rangi zake, mwanafunzi anaona upande gani una damu yenye oksijeni na upande gani haina. Steshenari ukurasa wa rangi ni shilingi 500. Mtoto wa mkulima wa mpunga huwezi kumwambia atoe hela hiyo kwa kila mchoro.

Sasa, dada alikuwa amejiunga na mpango wa kampuni wa kulipia wino kila mwezi. Printa ilipotoka kwake hakuona sababu ya kuendelea kukatwa kwenye kadi, akasitisha. Kipindi alichokuwa amekilipia kilipokwisha, printa ikanigomea. Kioo kinaandika kwamba katriji hizi ni za mpango wa malipo na haziwezi kutumika, niunganishe intaneti. Nimeunganisha kwa bando la simu, ujumbe ukarudi uleule. Nimechomoa katriji nyeusi na kuigandamiza kwenye tishu: imeacha doa jeusi, bichi, limeloa hadi upande wa pili. Wino upo. Karatasi zipo. Na mtihani ni wiki ijayo.

Kuna namna ya kuifungua bila kurudi kwenye yale malipo? Nikiagiza katriji Dar, itazikubali? Na hili ndilo linaloniuma zaidi: kitu kikishakuwa cha mtu, kiko mezani kwake, inakuwaje kampuni iliyo ng'ambo ndiyo iamue kifanye kazi au kisifanye? Kampuni siitaji, sitafuti ugomvi na mtu. Nataka kuchapa mtihani.

Mtu_wa_Tandika

Pole sana mwalimu. Mimi niko Minnesota, ngoja nikueleze mpango wenyewe ulivyo, maana huko nyumbani hautangazwi.

Huku printa ndogo inauzwa bei ya chini kiasi kwamba ukienda kununua seti kamili ya katriji zake unaweza kukuta inakaribia bei ya printa yenyewe. Ukiiwasha mara ya kwanza, programu ya simu inakuongoza hatua kwa hatua mpaka unafika mahali unaambiwa miezi kadhaa ya wino ni bure, weka namba ya kadi. Watu wamechoka, wanataka kuchapa fomu ya mtoto, wanaweka. Kuanzia hapo hununui wino tena, unanunua kurasa. Ukichapa mstari mmoja wa maandishi au picha iliyojaa ukurasa mzima, kwao ni ukurasa mmoja. Printa inatuma hesabu kwa mtandao, wino ukikaribia kwisha unaletewa katriji kwa posta. HP walianza mpango wa namna hii Marekani mwaka 2013, na mwaka 2024 wakaongeza mwingine ambao hata printa yenyewe unakodi kwa mwezi. Canon, Epson na Brother nao wana mipango yao.

Anayechapa picha nyingi za rangi kila mwezi anaokoa hela, hilo nalikubali. Lakini soma masharti: katriji za mpango hazijauzwa kwa mteja. Zinabaki mali ya kampuni, wewe unaruhusiwa kuzitumia maadamu unalipa. Ndiyo maana doa lako jeusi kwenye tishu halikusaidii. Kwa mkataba, wino ule haukuwa wa dada yako hata alipokuwa analipa.

Mwambie aingie kwenye akaunti yake aiondoe hiyo printa kabisa, isibaki na jina lake. Kusitisha malipo na kuiondoa mashine kwenye akaunti ni vitu viwili.

Fundi_Tona

Mwalimu, heshima kwako. Nina kibanda cha printa Kariakoo, na mashine za hadithi kama yako naletewa sana, hasa kila watu wanaporudi na mabegi kutoka Ulaya na Marekani.

Hizo katriji zilizomo ziweke pembeni, usizipotezee muda. Kuna watu watakushauri uongeze wino kwa sindano. Haitasaidia, kwa sababu kinachokataliwa siyo wino. Igeuze katriji uangalie mgongoni: utaona utepe wa rangi ya shaba wenye vidoti vidogo vimepangwa. Ukiibonyeza mahali pake, vidoti vile vinagusana na pini za printa, na hapo katriji inajieleza kupitia chipu yake: ni ya namba gani, ya eneo gani la dunia, ya dukani au ya mpango. Printa ikishasikia "ya mpango" na akaunti imefungwa, imemaliza.

Katriji za Dar: kuwa makini, kuna kufuli la pili. Printa nyingine zikishawekewa katriji za kwanza zinajifunga kwenye eneo hilo, na ya Marekani inaweza kuikataa katriji halisi kabisa ya huku. Namba nazo zinatofautiana. Katriji yenye umbo lilelile huko ina namba yake, huku ina nyingine, na muuzaji atakuapia kwamba ni ileile. Usilipe mpaka akubali uijaribu kwenye mashine yako. Dada yako akipiga simu huduma kwa wateja akiwa kulekule, na namba ya utambulisho iliyo nyuma ya mashine anayo, kuna kampuni zinazokubali kulifungua kufuli la eneo. Ajaribu, simu haimgharimu kitu.

Halafu intaneti. Kama modeli yako siyo ile inayolazimisha mtandao muda wote, ingia kwenye menyu uzime apdeti zinazojiweka zenyewe. Hapa nina ukali kidogo na naomba mniwie radhi. Tarehe 13 Septemba 2016 printa nyingi za HP katika nchi mbalimbali zilianza kukataa katriji za kampuni nyingine, katriji ambazo jana yake zilikuwa zinachapa vizuri. Kufuli lilikuwa limeshaingizwa miezi ya nyuma kwa apdeti, likakaa kimya likisubiri tarehe. Mteja hakugusa kitu. Walipopigiwa kelele wakatoa programu ya kuliondoa kwenye mashine zilizoathirika, ila ulinzi wa aina hiyo ukaendelea kwenye modeli zilizofuata. Sisemi yako ni HP, hujaitaja na mimi sibahatishi. Nasema haya kwa sababu mteja akija kwangu anauliza "fundi umeniharibia printa?" wakati imejiharibu usiku kwa waya wa intaneti.

Na wanaosema chipu ni kwa ajili ya ubora, nawajibu kwa Canon. Mwanzoni mwa 2022 dunia ilipoishiwa chipu, Canon wenyewe walilazimika kutoa tona (katriji za unga za mashine za leza) zisizo na chipu kwa mashine za ofisini, na kwa Ujerumani wakawaandikia wateja maelekezo ya kuupita ujumbe wa onyo mashine itakaposema tona si halisi. Na zikachapa. Kilichokosekana ni mashine kujua tona imebaki kiasi gani.

Kwa mitihani ya darasa zima mimi nakushauri leza nyeusi ya mtumba. HP LaserJet 1020 ya zamani, ile ndogo, tona yake 12A haina chipu kabisa. Kiwandani imepimwa kurasa 2,000, na ikiisha tunaifungua, tunamwaga unga uliotumika, tunajaza mpya, na dramu, ile silinda ya ndani ya tona, ikiwa haina mikwaruzo inarudi kazini. Kampuni hiyohiyo ninayoilalamikia ndiyo iliyotengeneza hiyo mashine. Wanaweza kutengeneza kitu kizuri wakitaka.

Binti_Likoni

Mwalimu, pole dadangu au kakangu, sijajua. Fundi amesema kweli yote ila leza nyeusi haitachora moyo kwa rangi, na mwalimu amesema rangi ndiyo anayoitaka.

Mie nina sayba, duka la kompyuta na intaneti, Likoni, Mombasa, naprinti fomu za KRA (mamlaka ya kodi ya Kenya), CV, vitambulisho, kutwa nzima. Nilikwishaachana na katriji, natumia printa ya tangi, unayoijaza wino kwa chupa. Chupa nyeusi ya Epson 103 ina mililita 65, kampuni yenyewe imeandika kurasa 4,500, na zile tatu za rangi kwa pamoja 7,500. Katriji ndogo za kawaida nyingi ni kurasa 120 hivi. Tena hizo hesabu hupimwa kwa ukurasa usio na wino mwingi, ukichapa mchoro uliojaa rangi utapata pungufu, kwa katriji na kwa tangi pia.

Jambo moja nalipenda kuwaambia wateja wangu. Hizi printa za tangi Epson walizileta kwanza Indonesia, mwaka 2010. Kule mafundi walikuwa wameshachoka na bei za katriji, wakawa wanatoboa printa na kuziunganishia mirija na vichupa vya wino kwa nje. Kampuni ikaona watu hawatarudi nyuma, ikatengeneza ya kwake. Kwa hivyo hilo tangi tunaloringa nalo leo lilianzia kwa mafundi wa mtaani.

Lakini nisikufiche kasoro yake. Kila inaposafisha hedi, sehemu inayorushia wino kwenye karatasi, wino unamwagika kwenye sponji iliyo chini, na ndani kuna kihesabu. Kikifika kikomo printa inasimama, taa zinawakawaka, hata kama matangi yamejaa pomoni. Fundi huibadilisha sponji na kukirudisha kihesabu mwanzo. Modeli nyingine sponji iko kwenye kisanduku unachobadilisha mwenyewe kwa bisibisi. Ukinunua, tafuta hiyo. Ufaransa kuna chama kinachopigania vitu vidumu, HOP, mwaka 2017 walipeleka malalamiko kwa mwendesha mashtaka juu ya mambo haya ya printa, na Epson ikachunguzwa. Nayo usiiache tangi ikauke ukaendelea kuchapa, hewa ikiingia kwenye mirija utahangaika. Na chapa japo ukurasa mmoja wa rangi kila wiki, hata shule zikifungwa.

Mtu_wa_Tandika

Nilisahau swali la mwisho la mwalimu, la nani mwenye kitu.

Marekani Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2017, kesi ya Lexmark na Impression Products, kwamba mtengenezaji akishauza tona, hataza yake (haki ya ugunduzi) haimpi tena nguvu ya kumzuia mtu kuijaza na kuiuza upya, hata kama aliandika masharti kwenye boksi. Ushindi mkubwa kwa wajazaji. Lakini uamuzi ule unahusu kitu kilichouzwa. Mipango ya mwezi inapita pembeni ya hapo, kwa sababu hakuna kilichouzwa. Na chipu haiendi mahakamani, inakataa tu.

Italia nao, Desemba 2020, mamlaka ya ushindani iliipiga HP faini ya euro milioni 10 kwa kutowaeleza wanunuzi waziwazi kwamba printa zina vizuizi dhidi ya katriji zisizo zao. Angalia kosa lililotajwa: kutowaeleza wanunuzi vya kutosha. Mimi naona hapo ndipo sisi tunapoachwa. Boksi lingeandikwa kwa herufi kubwa "printa hii itakataa wino huu ukiacha kulipa", dada yako angejua anamletea mdogo wake kitu gani.

Mwalimu_Kilombero

Nawashukuru sana nyote. Binti, ni kakako.

Dada ameiondoa mashine kwenye akaunti na amepiga simu. Kuhusu kufuli la eneo wamemwambia mpaka katriji mpya za dukani ziwe zimeshawekwa ndipo waangalie. Maana yake ninunue kwanza, kisha nisikie kama itakubali. Sifanyi hivyo, kwa mshahara huu. Kwa bahati skana inafanya kazi bila kujali katriji, naskani michoro ya wanafunzi. Fundi wa steshenari hapa ameniambia nishukuru, kuna zinazokataa hata kuskani wino ukiisha. Nimesoma kwamba Canon walishtakiwa Marekani mwaka 2021 kwa jambo hilohilo. Kuskani kunahitaji wino wa nini?

Mtihani wa wiki ijayo nimekubaliana na mkuu wa shule: maswali yatachapwa kwa mashine ya shule, nyeusi, na mchoro wa moyo nitauchora ubaoni kwa chaki za rangi. Baada ya hapo nitachukua ushauri wa nyote wawili, leza ya mtumba kwa ajili ya maandishi sasa, na tangi nitakapojipanga. Fundi, nitakuja Dar shule zikifungwa. Nikikuta hiyo 1020 mahali, niikague vipi nisiuziwe kopo?

Fundi_Tona

Beba rimu yako mwenyewe, usichape kwa karatasi za muuzaji alizochagua. Mwambie aiwashe ikiwa baridi. Chapa kurasa kama ishirini mfululizo, tazama kama inavuta mbili mbili: hiyo ni rola ya kuvutia karatasi imelainika, ni bei ndogo, punguza kwenye bei. Pitisha kidole juu ya maandishi yakiwa bado moto. Yakifutika, fyuza, ile sehemu ya joto inayogandisha unga kwenye karatasi, imechoka, hiyo usinunue. Mstari mweusi unaoshuka ukurasa mzima usikutishe, mara nyingi ni dramu ya tona tu.

Kisha mwambie akuchapie ukurasa wa taarifa za mashine, usome kurasa ilizokwishachapa. Akikuambia mashine hiyo haina ukurasa huo, ondoka. Na ukifungua tona nyumbani funga pua kwa barakoa, feni ikiwa imezimwa, ule unga si wa kuvuta.