Kitongoji chetu kinaitwa Mnarani, na mnara hakuna. Nani anajua asili yake?

Mpalizi wa Mikorosho aliandika:

Wakuu, habari za jioni. Wazee mliomo humu, shikamooni.

Naandika kutoka kitongoji kidogo cha pwani huku Mtwara Vijijini, kaya hamsini hazifiki. Tunalima korosho na mihogo, wengine wanavua. Kitongoji kinaitwa Mnarani. Wiki iliyopita mwanangu wa darasa la tano alipewa kazi ya kuandika asili ya jina la mahali anapoishi. Akaandika: "Panaitwa Mnarani kwa sababu ya mnara wa simu." Mwalimu akampa vema.

Mnara huo wa simu uko kijijini, mwendo wa dakika arobaini kwa miguu, na ulisimamishwa mimi nikiwa nimeshaolewa. Bibi yangu aliyezaliwa hapahapa zamani za Mwingereza alikuwa akipaita Mnarani siku zote. Kisima chetu cha mawe alikiita Kisimani kwa Mwenye. Bibi amefariki mwaka wa nne huu. Nililala naye kitanda kimoja utoto wangu wote, nikasikia hadithi zote za sungura na fisi, na hata siku moja sikumuuliza mnara uko wapi wala Mwenye ni nani. Linaniuma.

Sasa sikilizeni. Msimu huu wakati wa palizi jembe liligonga jiwe kati ya mistari miwili ya mikorosho. Nikafyeka. Ni msingi wa mawe ya matumbawe, umejengwa kwa chokaa, hatua zangu kumi na mbili kwa saba. Upande wa kaskazini ukuta umetoka nje kidogo kwa duara, kama tumbo la chungu. Kuzunguka hapo vigae vimejaa. Kimoja ni cheusi kwa moshi, kina michoro ya pembetatu zilizokwaruzwa kwa kitu chenye ncha. Kingine kinang'aa, rangi yake ni ya jani la mgomba linalofunguka. Mvua ikinyesha zinatokea shanga ndogo kama punje za mtama, za bluu na za rangi ya matofali. Watoto wanaziokota na kuzitunga.

Majirani wanasema ni magofu ya Wareno. Kila gofu huku ni la Wareno. Je, ni kweli? Na mnara ni upi? Na hivi vitu nivifanyeje?

---

Jembe la Usiku alijibu:

Dada, hapo usiseme na mtu. Wajerumani walipokimbia mwaka 1916 walifukia mali zao pwani yote ya kusini na waliweka alama za mawe. Hiyo duara upande mmoja ndiyo alama yenyewe. Chimba ndani ya duara, mita mbili tu. Mimi nina kifaa cha kupimia, tuwasiliane.

---

Mpalizi wa Mikorosho alijibu:

Kaka, asante, lakini hapana. Sitachimba na sitakuelekeza njia.

---

Mchekecha Udongo alijibu:

Dada, umefanya vizuri kumkatalia. Mimi ni mtu wa Kilwa Masoko, nimefanya kibarua misimu miwili kwenye uchimbaji wa kitaalamu kule Songo Mnara, kwenye magofu ya mji wa kale. Kazi yangu ilikuwa chekeche. Udongo unatolewa kwa mwiko, tabaka moja baada ya jingine, unaletwa kwangu kwa ndoo, nachekecha, naokota hadi mfupa wa samaki. Kila kitu kinaingia mfukoni na karatasi inayosema kimetoka shimo lipi na tabaka lipi. Siku moja nilichanganya mifuko miwili. Mtaalamu hakunigombeza. Alikaa chini, akaniambia vitu vile vimekuwa bubu. Tangu siku hiyo nikiona mtu anachimba gofu kwa jembe roho inanipanda.

Hiyo duara ya kaskazini haina mali. Kwetu huku kibla, upande wa kuelekea wakati wa swala, ni kaskazini. Ukuta wenye tumbo upande wa kaskazini ni mihrabu, mahali pa imamu. Wewe umepalilia ndani ya msikiti, dada yangu.

Na Wareno tuwaache. Kilwa waliiteka mwaka 1505, na mwaka 1512 walishaondoka. Miaka saba. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani ulianza kujengwa karne ya 11. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alipofika mwaka 1331 alikuta mji na sultani wake, al-Hasan bin Sulaiman, ambaye sarafu yenye jina lake imeokotwa mpaka Great Zimbabwe. Wareno wakati huo hawajaijua hata njia ya kuja. Kati ya walivyotuletea vikabaki ni huo mkorosho unaoupalilia, waliutoa Brazili. Kuta zilijengwa na watu wa hapa, waliokuwa wakisema Kiswahili, wakaoana na wageni wa kutoka ng'ambo ya bahari.

Kigae cha pembetatu ukitunze akilini zaidi ya hicho kinachong'aa. Vyungu vya michoro ile vilifinyangwa pwani nzima kuanzia karne ya 7 hadi ya 10 hivi. Maana yake huenda mtu alipika chakula hapo shambani kwako kabla hata ya huo msikiti. Cha kijani huenda ni kaure ya China, picha ingesaidia.

Sasa mnara. Misikiti ya zamani ya pwani mingi haikuwa na mnara wa adhana, muadhini alipanda ngazi hadi darini. Kwa hiyo usitafute mnara wa msikiti. Tafuta kaburi. Wakubwa wa miji ile walijengewa makaburi yenye nguzo ndefu ya mawe, na nguzo hiyo ndiyo watu waliiita mnara. Yapo Kaole kule Bagamoyo, yapo Kunduchi, ambako nguzo zilipachikwa mabakuli ya Kichina. Kilifi, Kenya, kuna magofu yanaitwa Mnarani kama kwenu, na jina limetokana na kaburi la namna hiyo. Mara nyingi makaburi haya yako nje ya ukuta wa kibla. Simama kwenye mihrabu, tazama kaskazini, nenda taratibu.

Vigae viache vilivyolala. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu na majengo ya kabla ya 1863, na kuchimba bila kibali ni kosa. Mwone mtendaji wa kijiji, kisha afisa utamaduni wa halmashauri. Peleka maneno na picha, vigae usibebe.

---

Mmwera wa Mipingo alijibu:

Naongeza dogo kuhusu majina. Kwetu Lindi jina mara nyingi linasema kilichokuwepo. Kijiji cha Mipingo ni miti ya mpingo. Mji wa Mtama ni nafaka ya mtama. Mikindani yenu, mikinda ni minazi michanga. Kitu kinaweza kuondoka, jina likabaki limekaa.

Na jina linaweza kusafiri pia. Karibu nasi kuna kilima cha Tendaguru. Wajerumani walichimba pale 1909 hadi 1913, wakachukua mifupa ya mijusi wakubwa wa kale, yaani dinosaria, mmoja amesimama Berlin hadi leo, kimo chake mita 13 na zaidi. Wachimbaji na wapagazi walikuwa babu zetu, mizigo ilikwenda vichwani hadi bandari ya Lindi. Msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani. Mwaka 2019 mjusi mmoja wa pale alipewa jina la kitaalamu Wamweracaudia, kutokana na sisi Wamwera. Mimi nilisoma habari hiyo kwenye simu nikiwa nimekaa kwenye gogo la mpingo, nikaenda kumsomea baba.

Dada, majina ya mabonde, visima na mibuyu ya kwenu, hata yale ya Kimakonde usiyoyaelewa, yaandike yote sasa. Wakati wa vijiji vya ujamaa watu walihamishiwa barabarani, mahame yakabaki porini na majina yake. Wanaoyajua wanapungua.

---

Mwana wa Mvuvi alijibu:

Salaam aleikum. Ninaandikiwa na mjukuu wangu, mimi nasema yeye anabonyeza. Nina miaka sabini na minane. Nilizaliwa Mnarani, nikahama kijana, sasa nipo Dar es Salaam.

Binti, mnara niliuona. Nitakuambia ulikokwenda.

Ulikuwa mrefu kama wanaume wawili mmoja juu ya mabega ya mwenziwe. Ulikuwa na pande nane, niliwahi kuzihesabu kwa kiganja huku nazunguka. Karibu na kileleni kulikuwa na vishimo vya duara, vya sahani. Sahani moja tu ndiyo ilikuwa bado, nyeupe yenye maua ya bluu. Mtoto akiugua, wanawake walikwenda pale na ubani na unga wa mtama. Tuliambiwa aliyelala pale ni Mwenye. Mwenye nani, sikuambiwa, na walionilea hawakulijua jina lake. Kisima kilikuwa chake.

Mwaka wa Uhuru, 1961, akaja tajiri mmoja anataka chokaa, anajenga na kupaka nyumba zake mjini. Baba yangu alikuwa mchoma chokaa. Tumbawe la baharini ni zito, linavunjwa maji yakitoka, linabebwa, linakaushwa siku nyingi. Mawe ya ukuta wa kale ni makavu tayari. Tulianza na kuta za msikiti. Haikutosha. Tukauangusha mnara.

Unapanga magogo kwa duara kama gurudumu, katikati unaacha tundu la kuwashia. Juu unarundika mawe. Unawasha jua likizama. Usiku kucha mawe yanapasuka, pa, pa, na sisi watoto tulikatazwa kulala upande wa moshi. Asubuhi ya pili jiwe umelibeba kwa mkono mmoja, jepesi, ukilinyunyizia maji linafuka na kubomoka lenyewe. Ndiyo chokaa. Tulijaza madebe, ikapakiwa jahazini kwenda Mikindani.

Mzee mmoja wa pale alikuja akasimama mbali, akamwambia baba, "Mmechoma mtu." Baba hakumjibu. Nilikuwa na miaka kumi na minne, niliyabeba mawe yale kichwani kwa ngata ya majani ya mgomba. Sijawahi kulisema hili mbele ya watu.

Ukitaka kupaona: shika kisima mgongoni, elekea kibla, kuna mbuyu wenye tumbo lililopasuka, kama bado haujaanguka. Mnara ulikuwa kati ya mbuyu na msikiti. Tanuri lilikuwa upande wa bahari.

---

Mpalizi wa Mikorosho alijibu:

Babu, mjukuu wako nisalimie, na wewe shikamoo sana. Nilisoma maneno yako usiku, nikasoma tena, sikulala. Alfajiri nilikwenda.

Mbuyu upo. Mpasuko wake nyuki wamehamia. Upande wa bahari kuna mahali mduara ambapo sisi tulidhani udongo ni mbaya, tulipanda mkorosho mara mbili ukafa. Nilikwangua kwa kidole. Chini ya majani makavu ni cheupe, cheupe kabisa, na makaa madogo ndani yake.

Nikarudi kati ya mbuyu na msikiti, nikatembea kwa magoti kama Mchekecha alivyoniambia nisiharakishe. Kuna jiwe moja limebaki, limezama nusu. Upande uliolala juu lina lipu laini na ukingo wa kishimo cha duara. Niliweka kiganja changu, kikakaa ndani. Sikulisogeza. Nimezungushia matawi ya mtunduru mbuzi wasipite, na ile mistari miwili ya mikorosho mwaka huu hatutaipalilia kwa jembe, tutafyeka kwa panga tu juu kwa juu. Mume wangu alilalamika kuhusu magugu, nikampeleka kwenye jiwe, akanyamaza.

Shanga nimezikusanya kwa watoto. Nimeziweka kwenye kikopo na karatasi inayosema zimeokotwa wapi, ingawa najua kwa hizo nimechelewa, ni kama mifuko yako iliyochanganyika, Mchekecha. Mtendaji nimemwona. Barua ya halmashauri nimeiandika mwenyewe, nimechora na ramani, nasubiri.

Mwanangu amefuta kwenye daftari. Sasa pameandikwa: "Mnara ulikuwa kaburi la Mwenye. Ulichomwa ukawa chokaa, ikaenda Mikindani." Ameniomba tukienda mjini tutazame nyumba za zamani, tujue ni ipi.

Babu, nina swali, na usilijibu kama linakuchosha. Ile sahani ya maua ya bluu, mnara ulipoanguka ilikwenda wapi? Ilivunjika? Na nyumba ya mama yako ilikuwa upande gani wa kisima?

---

Mwana wa Mvuvi alijibu:

Haikuvunjika siku ile. Baba aliitoa kwanza, akampa mama, mama akawa anaifukizia ubani. Ilivunjika msiba wa mama mwenyewe, vyombo vilipokuwa vinatolewa nje. Vipande vilitupwa jalalani nyuma ya jiko. Nyumba yetu ilikuwa mashariki ya kisima, karibu na miembe miwili. Kama miembe imekatwa, tafuta mahali panapoota mchicha bila kupandwa.