Kupima deliriamu kwa CAM-ICU kwa wagonjwa wanaozungumza Kiswahili: herufi, maswali na mgonjwa aliyetulia mno

muuguzi_icu

Habari za kazi wenzangu. Kwenye ICU (wodi ya wagonjwa mahututi) yetu tumeanza kupima deliriamu, yaani kuvurugika kwa ghafla kwa akili na umakini, kwa kipimo cha CAM-ICU kila zamu, na fomu tulizopewa ni za Kiingereza. Kila muuguzi anatafsiri kichwani akiwa kitandani kwa mgonjwa, kwa hiyo matokeo ya asubuhi na ya usiku hayalingani hata kwa mgonjwa ambaye hajabadilika. Ninaomba msaada kwa mambo manne.

Kwanza, kipimo cha herufi, kile cha mgonjwa kubana mkono akisikia A. Wagonjwa wengi ni wazee, baadhi hawakusoma, na hata waliosoma wanababaika. Je, kuna njia nyingine inayokubalika?

Pili, maswali ya ndiyo na hapana kwa mgonjwa mwenye mrija wa kupumulia. Tunayaulizaje kwa Kiswahili ili yasimchanganye?

Tatu, wale waliotulia. Mgonjwa hasumbui, hachomoi mirija, ukimsalimia anaitikia. Kwenye chati anaandikwa "anajitambua, hana deliriamu". Nina wasiwasi tunawapita wengi.

Nne, tukipata chanya tufanye nini? Kwa sasa jibu la wengi ni dawa ya kutuliza akili, haloperido.

---

sista_wa_zamu

Nianze na la tatu, maana ndilo linaloumiza wagonjwa wengi.

Deliriamu ya vurugu kila mtu anaiona. Ya kimya, na ile inayobadilika kati ya kimya na vurugu, ndizo nyingi zaidi ICU, na kwetu zinafichwa na salamu. Ukimwambia mzee "shikamoo", midomo itatamka "marahaba" hata kama hajui yuko wapi. "Umeamkaje?" "Salama." "Hali?" "Nzuri." Majibu hayo yamekaa kwenye ulimi tangu utotoni, hayahitaji umakini wowote. Msalimie mgonjwa, ni heshima yake na ni haki yake, lakini usiandike chochote kwenye chati kutokana na salamu. GCS (alama za kiwango cha fahamu) ya 15, ambayo ni alama kamili, nayo haiondoi deliriamu. Kinachopimwa ni uwezo wa kushikilia umakini kwa nusu dakika.

Utaratibu wenyewe ni huu. Unaanza na RASS, daima, yaani kipimo cha kuamka na kutulia: 0 ni aliye macho na mtulivu, alama za chini ya 0 ni usingizi, za juu ni vurugu. Simama, mwangalie bila kumgusa. Kama hajaamka, mwite kwa jina na umwambie akuangalie. Akikutazama kwa zaidi ya sekunde 10, ni -1. Akikutazama kwa muda mfupi zaidi ya huo, -2. Akijongea au kufumbua macho kwa sauti lakini asikutazame, -3. Kama sauti haimfikii na anajongea kwa kuguswa au kutikiswa bega tu, -4. Hakuna kitu kabisa, -5. Kwa -4 na -5 unaishia hapo na kuandika "haikupimika", kisha unarudi baadaye. Wapo wanaoandika "hasi" kwa mgonjwa aliye -5. Hilo ni kosa kubwa, kwa sababu daktari wa asubuhi atasoma kwamba akili ilikuwa sawa usiku kucha.

Kuanzia -3 kwenda juu, endelea. Kipengele cha 1: je, akili yake imebadilika ghafla ukilinganisha na kawaida yake, au imepanda na kushuka ndani ya saa 24? Kawaida yake wanaijua ndugu, hivyo waulize: nyumbani alikuwa anahesabu hela mwenyewe? Anawatambua wajukuu? Mabadiliko ya RASS au GCS kwenye chati ya saa 24 nayo yanatosha. Kama hakuna badiliko wala kupanda na kushuka, ni hasi, umemaliza.

Kipengele cha 2 ni umakini. Unasema herufi kumi za SAVEAHAART, moja kila baada ya sekunde 3, kwa sauti ya kawaida, naye anabana mkono wako akisikia A tu. Kutobana kwenye A ni kosa, kubana kwenye herufi nyingine ni kosa. Makosa 0 hadi 2, hasi, umemaliza. Makosa 3 au zaidi, endelea.

Kipengele cha 3 ni RASS uliyokwisha kuipima. Kama si 0 kamili, mgonjwa ni chanya na huna haja ya maswali. Maswali ya kipengele cha 4 ni kwa yule ambaye RASS yake ni 0. Watu wengi wanapoteza muda kwa kuuliza maswali yote kwa kila mgonjwa, halafu wanasema kipimo ni kirefu. Ukikizoea kinachukua dakika mbili hivi.

Sasa herufi. Tatizo lenu ninalijua: nesi mmoja anasoma "es, ei, vii", mwingine anasoma kwa Kiswahili. Mgonjwa akiambiwa "bana ukisikia A" kwa matamshi ya Kiswahili, halafu msomaji akafika kwenye R akaitamka "aa" kama wengi wetu tunavyofanya, mgonjwa atabana. Umempa kosa ambalo si lake. H ikitamkwa "ha" inaleta shida ileile. Tumieni namba. Inakubalika pale ambapo herufi hazifai: namba kumi, moja yao ikirudiwa mara nne. Kwa mfano: nane, moja, saba, tano, moja, nne, moja, moja, tatu, sita. Anabana akisikia "moja". Mtu asiyejua kusoma anajua namba hizi za sokoni. Kuhesabu makosa ni vilevile.

Mambo mawili ya mkono. Weka vidole viwili vyako kwenye kiganja chake na kabla ya kuanza mwambie "bana", halafu "achia". Asiyeweza kuachia huenda anashika tu kwa mwitiko wa kiganja, na utadhani anakuelewa. Na ukishaanza namba, nyamaza kuhusu mambo mengine: usiseme "eeh, vizuri", usimkumbushe katikati. Mkono ukiwa dhaifu, afumbe macho badala ya kubana.

Mgonjwa anayebana kila namba amekosa mara 6, asiyebana kabisa amekosa mara 4. Wote wawili hawana umakini. Ninalisema kwa sababu yule asiyebana kabisa mara nyingi anaandikwa "amekataa kushirikiana".

---

daktari_wa_ganzi

Sista amemaliza sehemu kubwa. Niongeze maswali.

Kuna seti mbili, badilisheni kila zamu ili mgonjwa asikariri. Seti ya kwanza: Jiwe huelea majini? Baharini kuna samaki? Kilo moja ni nzito kuliko kilo mbili? Nyundo hutumika kupigilia msumari? Majibu ni hapana, ndiyo, hapana, ndiyo. Seti ya pili: Jani huelea majini? Baharini kuna tembo? Kilo mbili ni nzito kuliko kilo moja? Nyundo hutumika kukatia mbao? Majibu ni ndiyo, hapana, ndiyo, hapana.

Msiulize kamwe kwa ukanushi. Ukisema "jiwe halielei, siyo?" mgonjwa mwenye akili timamu atatikisa kichwa kukubali kwamba halielei, nawe utamwekea kosa. Halafu kuna wazee ambao kwa adabu hawampingi daktari, wanaitikia ndiyo kwa kila kitu. Waambieni mapema: "Mzee, mengine nitakayouliza si kweli. Usiogope kukataa." Kwa mwenye mrija, kubalianeni ishara kabla, kisha ijaribuni kwa jina lake: mwiteni kwa jina lake halisi, halafu kwa jina lisilo lake. Ishara ikishindwa hapo, hamjui bado kama tatizo ni fikra au ni shingo isiyo na nguvu.

Baada ya maswali kuna amri moja. Muoneshe vidole viwili: "Inua idadi ya vidole kama hii." Akishafanya: "Sasa fanya hivyo kwa mkono mwingine," bila kumuonesha tena. Kama mkono mmoja haufanyi kazi, mwambie aongeze kidole kimoja. Maswali manne na amri moja, jumla nafasi tano za kukosea. Makosa zaidi ya moja, kipengele cha 4 kipo, naye ni chanya.

Andikeni maneno haya kwenye kadi moja, muilaminishe, na iwe ileile kwa kila kitanda. Kila mtu akitafsiri lake, mnapima wauguzi. Miwani, kifaa cha kusikia na lugha viangaliwe kwanza. Si kila mgonjwa wenu lugha yake ya kwanza ni Kiswahili, na bibi anayezungumza Kisukuma tu atafeli kipimo chochote mtakachompa bila mtu wa kumtafsiria.

Kuhusu swali la nne: chanya ni ishara ya kutafuta sababu, kama homa. Pimeni sukari hapohapo, hasa kwa mwenye malaria kali au aliye kwenye kwinini. Kisha oksijeni, shinikizo la damu, joto. Gusa kibofu: katheta iliyoziba kwa mgonjwa asiyeweza kusema ni sababu ya kawaida kuliko mnavyodhani, na haja kubwa iliyokwama vilevile. Maumivu yapimwe kwa CPOT (kipimo cha maumivu kwa kumwangalia mgonjwa) kama hawezi kusema. Halafu sodiamu, urea, maambukizi mapya, homa ya uti wa mgongo kwa mwenye VVU na kichwa kinachouma. Mnywaji wa pombe wa kila siku aliyelazwa siku mbili tatu zilizopita anayetetemeka na kutoa jasho ni habari tofauti: huyo anahitaji benzodiazepini (dawa za kundi la diazepamu), na thayamini kabla ya glukosi ikiwezekana.

Haloperido si tiba ya deliriamu. Utafiti wa MIND-USA wa 2018 uliilinganisha haloperido na ziprasidoni dhidi ya dawa bandia, na siku za kuishi bila deliriamu wala koma hazikuongezeka. Mwongozo wa PADIS (wa maumivu, utulizaji na deliriamu kwa wagonjwa wa ICU) wa mwaka huohuo nao ulishauri isitolewe kwa utaratibu wa kawaida. Ninaitumia pale tu mgonjwa anapokuwa hatari kwake mwenyewe au anaona mambo ya kutisha, kwa dozi ndogo na kwa muda mfupi. Kwa deliriamu ya kimya haina kazi.

---

mfamasia_wodini

Neno la dawa. Mkipata chanya, leteni chati ya dawa kabla ya kuongeza nyingine. Diazepamu ya kurudiarudia hukaa mwilini kwa siku kadhaa, maana kile inachobadilika kuwa ikivunjwa mwilini nacho bado kinafanya kazi. Midazolamu hurundikana figo zikishindwa. Promethazini, piritoni na atropini huvuruga umakini wa wazee. Pethidini na figo mbovu haviendi pamoja. Sefepimu (antibiotiki) isiyopunguzwa dozi kwa mgonjwa wa figo ni mhusika anayesahaulika.

Na kabla ya haloperido, ECG (kipimo cha umeme wa moyo). QTc, yaani muda wa QT kwenye ECG uliorekebishwa kwa mapigo ya moyo, ikizidi milisekunde 500, msitoe. Angalieni pia kama yuko kwenye kwinini, lumefantrini, azithromaisini au ondansetroni, zote zinarefusha QT. Potasiamu na magnesiamu zikiwa chini, hatari inaongezeka.

---

nesi_kaunti

Sisi tunatumia ICDSC, kipimo kingine cha deliriamu, na nadhani ingewafaa. Ni vipengele vinane vinavyojazwa kutokana na ulichokiona kwa zamu nzima: kiwango cha kuamka, umakini, kujua mahali na wakati, kuona yasiyokuwepo, kutotulia au kuwa mzito wa kujongea, usemi au hisia zisizofaa, usingizi, na kupanda na kushuka. Alama 4 au zaidi ni deliriamu. Alama 1 hadi 3 si ya kupuuzwa, ongeza uangalizi. Haihitaji herufi wala kadi.

---

sista_wa_zamu

@nesi_kaunti, ni kipimo kizuri, lakini kinategemea muuguzi aliyemwangalia mgonjwa kweli. Nesi mmoja akiwa na wagonjwa watatu au wanne wenye mashine, vipengele vya usingizi na kuona yasiyokuwepo vitajazwa kwa kukisia saa moja kasoro, makabidhiano yakikaribia. Mkiwa mmoja kwa mmoja au mmoja kwa wawili, ninakubaliana nawe.

---

muuguzi_icu

Asanteni sana, kadi naiandaa leo. Moja limebaki: mgonjwa wa RASS -3 aliyechomwa midazolamu saa moja iliyopita. Kila anayefikia hapo anatoka chanya. Tuandike hivyohivyo?

---

daktari_wa_ganzi

Andikeni chanya pamoja na RASS na saa ya dozi ya mwisho, msiifiche. Kisha punguzeni au simamisheni dawa ya kutuliza kama hakuna kizuizi (kifafa kisichodhibitiwa, shinikizo la ndani ya kichwa, mashine inayohitaji mgonjwa alale kabisa), na mpimeni tena baada ya saa mbili hivi. Baadhi yao watakuwa hasi, na hao mwelekeo wao ni mzuri kuliko wanaobaki chanya dawa ikiwa imeisha. Hao wa pili ndio wa kutafutiwa sababu usiku huohuo. Pangeni kipimo cha asubuhi kifanyike baada ya kusimamisha dawa ya kutuliza, kabla ya raundi, ili kwenye raundi kuwe na jibu ambalo halijachanganyika na dawa.