Simu ya video na wazazi: mbona tunakatizana kila sentensi?

mtoto_wa_mwambao
Wadau, mimi niko Leicester, wazee wako Tanga. Tunaongea kwa video ya WhatsApp. Picha safi kabisa, ila mama akianza na mimi nimeanza, tunanyamaza wote, kisha tunaanza tena wote. Mzee anaona namkatiza makusudi. Nimeongeza kifurushi, hali ileile. Tatizo ni mtandao au ni sisi?

fundi_mnara
Mkuu, ni ucheleweshaji wa sauti, na kifurushi kikubwa hakiuondoi. Ana kwa ana, mtu hujibu takriban milisekunde 200 baada ya mwenzake kumaliza. ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, inapendekeza sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwa upande mmoja.

Umbali wenyewe hauli sana: km 10,000 za kebo ya baharini ni kama milisekunde 50. Zinazobaki zinaliwa na foleni kwenye mnara, simu inayosubiri vipande vya sauti vilivyochelewa ili ivipange, na earphone za bluetooth, ambazo peke yake zinaweza kuongeza 100 hadi 200. Ukifika 300 kwa upande mmoja, mama anamaliza kusema na jibu lako linamfikia zaidi ya nusu sekunde baadaye, hata ukiwahi kujibu. Kwake hicho ni kimya. Anaona hujamwelewa, anaongeza neno, na hapohapo sauti yako inaingia.

Tumieni earphone za waya pande zote mbili. Kwako, anayepandisha video au kupakua faili kubwa asubiri, maana sauti yako inapanga foleni nyuma yake kwenye ruta. Kwa wazee, hakikisha simu haishuki kutoka 4G kwenda 3G. Mara nyingi kusogea dirishani kunatosha. Likija jambo zito, zimeni kamera.

sikio_la_tatu
Umesahau spika. Wazee huiweka simu mezani na sauti juu. Simu, ili kuzuia mwangwi, hufifisha maikrofoni kila sauti ya upande wa pili inapotoka kwenye spika. Sasa kwetu msikilizaji hakai kimya: "eeh", "naam", "enhee". Ni adabu, lakini kila "eeh" yako inaweza kummezea mzee silabi mbili tatu.

Pima hivi: mwambie ahesabu 1 hadi 20 taratibu, wewe itikia "eeh" kila baada ya namba tatu. Rudieni akiwa ameiweka simu sikioni. Namba zikipotea mara ya kwanza tu, mchawi ni spika. Basi itikia kwa kichwa, na ukimaliza kusema mkabidhi zamu kwa jina: "Baba, nakusikiliza."

bibi_wa_kidijitali
Kuzima kamera sikubali. Mzee mwenye masikio mazito anategemea midomo yako, na wewe kuitikia kwa kichwa kutaonekanaje? Simu iegemezwe kwenye kitu, kamera ilingane na macho, taa iwe mbele ya uso, si nyuma. Na voice note si mbadala kwa mambo kama posa au mirathi: mtu anamwaga dakika tano bila kuona uso wa mwenzake ulibadilika kwenye neno lipi.

fundi_mnara
Hoja ya masikio naikubali. Basi badala ya kuzima kamera, ingia kwenye mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya hifadhi na data, washa kitufe cha kupunguza data wakati wa simu. Picha itafifia. Ila midomo ikianza kupishana na sauti, hapo picha haimsaidii tena mzee.