Kupe ya milango miwili kama motoka ya kwanza: nipingeni

Mwanzishaji, Bel-Air, Lubumbashi

Ndugu zangu wa Lubumbashi, na ninyi wa Goma na Bukavu mnaopita hapa, habari za leo. Nina miaka 27, nafanya kazi ya umeme kwa mkandarasi mmoja wa mgodi, na sijawahi kumiliki motoka. Kuna Toyota Cynos ya mwaka 1997, kupe ya milango miwili, imesimama kwenye kiwanja cha mzee mmoja hapa jirani. Anataka dola 1,900. Nilipomweleza yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, hakuuliza injini ikoje wala karatasi zikoje. Aliuliza, "Sasa hiyo itaingiaje teksi?"

Ndiyo sababu nimekuja hapa. Katika mji huu kijana akinunua motoka, watu hawaulizi ataenda nayo wapi. Wanauliza jioni italeta versema, ile pesa ya siku dereva anayomkabidhi mwenye teksi, ya franka ngapi. Angalieni barabara ya Kasenga, teksi zote ni Toyota Ist: Ist, Ist, Ist. Karatasi zina jina lako, lakini motoka ni ya ukoo. Shemeji ataiomba kwa harusi, mjomba atataka impeleke Kasumbalesa mpakani na Zambia, dereva ataichosha kabla mwaka haujaisha, na wewe mwenyewe bado unagombania nafasi kwenye taxi-bus. Nimeyaona kwa yaya huyo huyo anayenishauri.

Mimi nasema kupe ya zamani inafaa kuwa motoka ya kwanza kwa sababu haiwezi kumfanyia mtu mwingine kazi. Abiria gani atakubali kiti cha mbele kikunjwe ndipo apenye nyuma? Itabaki yangu, nitajifunza kuendesha na kutunza, na ikiniharibikia nitakuwa nimepoteza 1,900, si 5,000 na zaidi ambazo ningekopa kwa ajili ya Ist. Semeni.

Mwenye teksi mbili, Kampemba

Mdogo wangu, jina la Kifaransa limekudanganya. Sisi kwa Kiswahili kupe tunamjua: anakaa juu ya ng'ombe, anakunywa damu, hatoi maziwa. Motoka isiyoleta kitu haijalala, inakula. Bima inakula, vinyeti (kodi ya barabara ya kila mwaka) inakula, betri inakufa hata ukiiegesha. Teksi yangu ya kwanza ilinisumbua, sikatai, na dereva wa kwanza aliniibia mafuta hadi nikamwachisha. Lakini iliyofuata ilinunuliwa na ile ya kwanza. Wewe Cynos yako itakununulia nini?

Na hilo la ukoo ni uongo unaojiambia. Ukiwa na motoka, shemeji atakuja tu. Atakaa mbele.

Fundi, Kenya

(Kenya ya hapa Lubumbashi, siyo ya Nairobi, kabla hamjauliza.)

Mnabishana juu ya pesa, hakuna aliyefungua boneti. Kwanza, hizi motoka haziondoki Japani kwa sababu zimekufa. Kule gari la mtu binafsi linakaguliwa kwa lazima kila miaka miwili baada ya ile mitatu ya mwanzo, na la petroli likipita miaka 13 kodi yake inapanda. Mwenyewe anapiga hesabu, anaona bora aliuze. Likishushwa Dar es Salaam, likapita Tunduma, likakata Zambia hadi Kasumbalesa, bado lina uhai. Wanaolimaliza ni sisi, kwa oili tunayosahau kubadilisha na rejeta tunayojaza maji ya bomba.

Pili, Cynos. Ina injini ya 4E ya lita 1.3 au 5E ya lita 1.5. Hiyo 4E ni ile ile ya Starlet na ya Corolla kadhaa za miaka ya 90. Pampu ya maji, mkanda wa taiming, gasketi, plagi, vyote nakupatia bila kuagiza nje. Kwa hiyo anayekutisha kwamba injini yake haina piesi haijui. Angekuwa anakuuzia Celica ya mwaka 2000 ningekuwa mkali zaidi: zile za kwanza zenye injini ya 1ZZ zinajulikana kwa kula oili, kwa sababu matundu ya kurudisha oili kwenye pistoni ni madogo, yanaziba, ringi zinashindwa kufanya kazi yake. Ukimwona muuzaji wa Celica ana kidumu cha oili kwenye buti, usimuulize zaidi.

Kupe inakutesa kwenye bodi. Mlango wake ni mrefu na mzito kwa sababu unafanya kazi ya milango miwili, na baada ya miaka 25 bawaba zimelika. Ufungue, ushike ncha, uunyanyue. Ukicheza juu na chini, utakuwa unaufunga kwa goti kila siku. Taa ya nyuma, kioo cha pembeni kule nyuma, raba za madirisha: hivyo ni vya Cynos peke yake, na Cynos hazikuja hapa kwa wingi. Taxi-bus ikikukwaruza ubavuni, Ist utaitengeneza wiki hiyo hiyo. Cynos utaizungushia plastiki na kungoja mwenzako aue ya kwake.

Tatu, nenda asubuhi na mapema, kabla mzee hajaiwasha. Weka mkono juu ya boneti. Lazima iwe baridi. Kisha ndipo iwashwe, wewe usimame nyuma uangalie moshi. Wa buluu ni oili. Mweupe unaoendelea hata injini ikishapata moto, hapo maji yanaingia pasipotakiwa.

Mama wa Katuba

Mwanangu, mimi sina maneno ya injini. Siku ya matanga mama yako atakaa wapi? Mbele, sawa. Na mama mkubwa wake? Mtu mwenye magoti mabovu hapiti katikati ya viti. Umwombe mama yako aingie nyuma mara moja tu, kabla hujalipa, umtazame anavyotoka.

Dereva wa njia ya Likasi

Hakuna aliyetaja volan, yaani usukani. Sisi tunapita upande wa kulia, na motoka ya Japani volan yake iko kulia pia. Dereva anakaa upande wa mtaro. Ukiwa nyuma ya lori la madini na unataka kulipita, unatoa nusu ya motoka katikati ya njia kabla jicho lako halijaona kinachokuja. Kwenye Ist angalau umekaa juu kidogo, na abiria wa kushoto anakuambia pita au ngoja (wengine wanasema pita bila kuangalia, hayo ni mengine). Kwenye kupe umekaa chini, na mara nyingi uko peke yako. Utakuwa unaangalia magurudumu ya lori. Kijana wa miaka 27 ambaye hajawahi kumiliki motoka, hapo ndipo ajifunzie?

Wa Goma

Kwetu hata msibishane. Njia za ndani ni mawe ya volkano, karteri (bakuli la oili chini ya injini) ya kitu cha chini hivyo ingetoboka kabla sijafika sokoni. Lakini bado naitaka.

Mwanzishaji

Nimesoma yote. Mwenye teksi, hesabu yako ni ya kweli, ila umejibu mtu anayetafuta biashara. Mimi natafuta kufika kazini saa kumi na mbili na nusu bila kunyeshewa. Kuhusu shemeji kukaa mbele, umenishinda.

Mukubwa wa njia ya Likasi, hilo la volan sikuwa nimelifikiria, na sitaki kujifanya nilikuwa nalo. Nimemuuliza fundi wetu kama inaweza kuhamishiwa kushoto. Amesema kukata na kuchomelea ukuta wa injini kwa motoka ya bei hii ni kujenga ghorofa juu ya nyumba ya udongo. Basi nikinunua, Likasi nitakwenda kwa basi. Mama wa Katuba, mama yangu amekataa kabisa kuingia nyuma. Alisema niingie mimi kwanza. Niliingia, kutoka ilibidi nishike mkono wake.

Leo nimefika kwa mzee saa kumi na mbili kasoro. Kuku bado walikuwa juu ya ukuta. Milango iko imara, nimeinyanyua yote miwili. Nikaweka mkono juu ya boneti kama nilivyoambiwa, na boneti ilikuwa ya moto. Mzee akasema mtoto wake alikuwa ameipeleka kununua mkate.

Bekari ya mtaa wetu inafungua saa moja. Sijalipa. Kesho nitarudi saa kumi na moja, na fundi amekubali tuende wote.